Waliorudisha Jioni ya Mkunguni

Nina hadithi imenikaa kooni tangu asubuhi. Mkiitaka, semeni "Iteme!" Sijasikia. Ah, sasa nimesikia, na wa nyuma kabisa kasema kwa sauti kuliko wote, nimemshukuru. Basi kaeni vizuri, kwa sababu mwisho wa hadithi hii mimi hukumu sitoi. Hukumu nitawaachia ninyi, na ninavyowajua mtabishana mpaka nyumbani.

Walikuwapo watu watatu katika mji wa Kasimbu, mji wa reli, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Chande, fundi umeme. Huyu umeme ulimsikiliza. Waya uliowashinda mafundi wengine, yeye akiushika ulitulia. Na kimo hakikumtisha hata kidogo. Angepanda nguzo huku anapiga mluzi, akifika juu akaanza kuulizana habari za nyumbani na watu walio chini.

Wa pili aliitwa Tausi, fundi bati, mwanamke. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Mpe kopo tupu la mafuta ya kupikia, msumari na nyundo, akae nalo kidogo, kisha utie taa ndani yake. Ukutani utaona maua, mawimbi na pindo la kanga. Mwanga mkali ukipita mikononi mwa Tausi ulitoka mpole.

Wa tatu aliitwa Dativa, mchora ramani wa halmashauri, aliyeletwa mjini na kazi. Kipaji chake kilikuwa kujua binadamu anataka kukaa wapi. Angesimama pembeni mwa uwanja, akatazama watu wanavyopita, halafu akakwambia: hapa mtu atapunguza mwendo, hapa atageuza shingo, hapa wawili wataketi wasemezane, na pale msiweke taa kabisa, waachieni watu giza lao. Na ilikuwa hivyo hivyo.

Mmewajua? Sasa wawekeni pembeni kidogo. Mwenye uchungu wa hadithi hii ni mtu mwingine, Bi Mwanamvua binti Kheri, mjane wa mtaa wa Mkunguni. Ndiye tutakayekaa naye mpaka mwisho.

Mkunguni ulikuwa mtaa wenye uwanja katikati, na kuzunguka uwanja huo yalijengwa mabaraza ya mawe, kila baraza na mwenyewe. Msidhani ni viti vya kupumzishia miguu tu. Magharibi ikishaswaliwa, mwenye baraza alitoka na dele lake la kahawa, akawasha taa yake, akaketi. Ikiwa jioni imeingia na hajaonekana, aliye jirani aliinuka akaenda kumgongea mlango: "Vipi, uko salama?" Hiyo ndiyo ilikuwa faida ya baraza. Mwenye nalo aliulizwa. Asiye nalo alipita, akasalimiwa vizuri, pengine akapewa kikombe, lakini asipopita hakuna aliyegutuka.

Bi Mwanamvua na mumewe, Mzee Feruzi, walikuwa na baraza lililotazama magharibi. Feruzi alikuwa na karabai moja, anaipampu mpaka inavuma, kisha anaiweka chini kabisa, karibu na miguu, kwa kuwa alisema taa ikiwa juu inawatia watu aibu. Yeye mwenyewe aliketi upande ambao mwanga haukufika. Ungeona mkono wake tu unaotoa kikombe, na ungesikia sauti yake ikimwita kila apitaye: "Njoo, kahawa ipo!" Bi Mwanamvua aliolewa akiwa msichana mdogo mwenye haya, na alimpenda mumewe kwanza kwa ule mkono na ile sauti, kabla hajathubutu kumtazama usoni.

Feruzi akafa, watu wakamzika, na Bi Mwanamvua akaendelea kuketi barazani peke yake, akiita wapita njia kwa sauti yake ndogo. Alivumilia. Jioni ilimsaidia kuvumilia.

Kisha Mkunguni wakafanya kosa, na kosa hilo walilitafuta wenyewe kwa tochi. Mtaa wa Ng'ambo ya Reli ulipata mnara wa taa. Mnara mrefu wa chuma, na juu yake taa kubwa za kumulika. Watu wa Mkunguni walipouona walishindwa kulala. Si kwamba Mkunguni kulikuwa na wezi. Aliwahi kuibiwa mtu jozi ya ndara msikitini, na zilirudishwa. Lakini Ng'ambo wawe na mnara na wao wasiwe nao? Wakaenda halmashauri, wakapiga kelele, wakasema usalama, usalama, mpaka wakapewa. Tena walidai wao uwe mrefu zaidi. Kampuni iliyopewa kazi ilimtuma fundi wake, Chande, mzaliwa wa huko huko Mkunguni, akausimamisha.

Siku ya kuuwasha watu walishangilia, wanawake wakapiga vigelegele. Jioni ya pili wakaanza kukunja uso. Mwanga ulianguka kutoka juu kama wa saa sita mchana, ukionyesha kila kiraka cha kanzu na kila kikombe kilichopasuka mdomo. Waliokuwa wakisemezana mambo ya siri walinyamaza. Wazee waliona haya kusinzia mbele ya watu. Wadudu waliangukia kwenye kahawa. Mmoja akaingiza mkeka ndani, mwingine akafunga mlango mapema, na kabla msimu haujageuka uwanja ulikuwa mweupe na mtupu. Na kwa kuwa binadamu hapendi kujilaumu, walimlaumu Chande. Wakamwita Bwana Adhuhuri. Akipita, hata salamu yake iliitikiwa kwa mguno.

Bi Mwanamvua ndiye aliyeumia kuliko wote, kwa sababu alikuwa na mtoto wa jicho. Mchana alijikongoja, jioni kwa mwanga wa karabai aliona vizuri. Lakini mwanga ule wa mnara ulipomwingia machoni ulitawanyika ukawa ukungu mweupe, na ndani ya ukungu hapakuwa na mtu. Alitoka mara kadhaa na dele lake. Aliketi, akaita, "Njoo, kahawa ipo," na hakujua kama anayemwita ni mtu au ni nguzo. Akaacha kutoka. Akawa anakaa ukumbini mwake, mlango umerudishwa, akisikiliza uwanja usiokuwa na sauti. Alimtamani Feruzi, na zaidi alitamani ile jioni ambamo kumtamani Feruzi kulikuwa na mahali pa kukaa.

Hapo ndipo alipokuja mwanawe, Hamadi, anayefanya kazi mji wa mbali.

"Mama," Hamadi alisema, "mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua. Macho yatatibiwa kule, na utakaa na sisi. Nyumba ina ghorofa, hewa nzuri."

"Na baraza?"

"Mama, lile ni jiwe tu."

Bi Mwanamvua akamsogezea kikombe chake, maana alimpenda mwanawe na hakutaka kumwambia neno ambalo lingemkaa moyoni. Kwenda alijua atakwenda. Lakini huko Mkunguni baraza halirithiwi na asiyekaa. Mwenyewe akihama, hulikabidhi: huketi jioni ya mwisho, humimina kikombe cha kwanza, na yule anayepewa kikombe hicho akakinywa, baraza limekuwa lake yeye peke yake. Mwenyewe akihama kimya kimya, siku ya pili watu wanaanika mihogo juu yake.

Akamwita shoga yake wa siku nyingi, Bi Siwema, ambaye baraza lake lilikuwa upande wa pili wa uwanja, akamwambia: "Nenda kawaambie watu. Atakayenirudishia jioni yangu kabla sijaondoka, hata ikiwa jioni moja, baraza la Feruzi ni lake."

Bi Siwema hakuwa mtu wa kuambiwa neno mara mbili. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua, na Ng'ambo ya Reli pia.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Chande. Alifikiri: kilichoiua jioni ni mnara, basi nikiuzima mnara jioni itafufuka. Akauzima. Loo! Macho ya watu yalikwisha zoea mwanga ule, na giza lililowaangukia lilikuwa zito kama blanketi lililolowa. Mwenye baiskeli akaingia mtaroni. Watoto wakalia, milango ikafungwa kwa makomeo. "Adhuhuri umetuletea, sasa unatuletea na kaburi!" walimpigia kelele. Akauwasha tena, akaenda zake, ametukanwa mara mbili kwa jioni moja.

Wa pili kujaribu alikuwa Tausi. Alifikiri: kilichoiua jioni ni ukali, basi nikileta mwanga mpole jioni itafufuka. Akatengeneza taa za bati zenye maua mazuri kuliko yote aliyowahi kutoboa, akazitundika barazani kwa Bi Mwanamvua. Lakini mnara ulikuwa unawaka. Maua yale yalikuwapo chini, na hakuna aliyeyaona; ilikuwa kama kumnong'oneza mtu kando ya mashine ya kusaga. Bi Mwanamvua alitoka, akapapasa moja ya zile taa, akahisi vitundu kwa vidole, akasema, "Nzuri, mwanangu." Kisha akarudi ndani.

Wa tatu alikuwa Dativa. Yeye alifikiri: kilichoiua jioni ni mahali taa ilipo. Akaja na ramani yake, akaomba ruhusa kwa mkubwa wake, akaweka globu chini, ubavuni mwa mabaraza, pale pale ambapo mguu wa mtu ungepita. Mahali palikuwa sawa kabisa. Lakini globu zilikuwa tupu, hazina kifuniko, na mnara bado unawaka. Bi Siwema alitoka kuangalia, akapiga ukelele uliosikika msikitini: "Jamani! Ya juu yanichoma utosi, ya chini yanichoma magoti! Mnataka kutuchoma mishikaki?" Watu wakacheka mpaka wakaketi chini, ila hawakuketi kwa muda mrefu. Dativa aling'oa globu zake moja moja.

Mwezi ulikuwa unakwenda. Wale watatu wakaanza kulaumiana, kila mmoja akisema wenzake wamemharibia. Tausi alisema Chande ndiye aliyelisimamisha lile zimwi. Chande alisema Dativa ni mtu wa makaratasi. Dativa alisema Tausi anapamba asichokipima. Maneno hayo yakamfikia Bi Mwanamvua, na mjumbe wake mnamjua ni nani.

Akawaita wote ukumbini mwake alasiri moja, akawapa kahawa na kashata. Wakaketi mbalimbali, kila mmoja akitazama ukuta wake.

"Mmoja kanipa giza," alisema bibi. "Mmoja kanipa maua yasiyoonekana. Mmoja kanipa moto wa magoti. Mimi nimebakiwa na siku za kuhesabika, na ninyi mnanuniana. Hivi hamwezi kuvichanganya?"

Wakatazamana. Chande alikuna kichwa. Tausi alianza kucheka, kisha Dativa naye, na mwisho wake walikuwa wameinama wote juu ya ramani iliyotandikwa sakafuni, vikombe vya kahawa vikishikilia pembe zake zisijikunje.

Kuvichanganya hakukuwa bure, na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo hukumu yenu itakapokwama.

Chande alipaswa kuziteremsha taa za mnara na kuugawa umeme wake katika nyaya ndogo za kupita chini. Halmashauri ilikubali wajaribu. Kampuni yake ilikataa, kwa kuwa ililipwa kuhakikisha mnara unawaka. Chande alipanda hivyo hivyo. Safari hii hakupiga mluzi. Alipoteremka, msimamizi wake alikuwa anamngoja chini ya mnara, akamvua kofia ya kazi kichwani na kumwambia asirudi. Hivyo Chande alipoteza kazi yake.

Tausi alihitaji bati nyingi, nene, zisizopinda kwa mguu wa mtu, na makopo hayakufaa. Nyumbani alikuwa na kitu kimoja tu cha bati nene: sanduku la baba yake, lile alilokuja nalo Kasimbu akiwa kijana mgeni, lenye jina lake kwa rangi nyekundu. Baba huyo aliishi Mkunguni mpaka mvi zikamjaa, akawatengenezea watu kandili na mifereji, na hakuwahi kuwa na baraza. Alipokufa chumbani mwake, Tausi akiwa safarini, kulikucha na kukachwa tena kabla mtu hajauliza yuko wapi. Tausi aliliweka sanduku lile mapajani, akakaa nalo kitambo, kisha akachukua mkasi wa bati. Hivyo Tausi alipoteza kitu pekee cha baba yake.

Na Dativa? Dativa alikuwa ameomba uhamisho wa kurudi kwao, kwa mama yake, miaka nenda rudi. Wiki ile ile ukatoka. Aliambiwa aripoti mara moja, la sivyo nafasi itapewa mwingine. Alikaa na simu mkononi, akatazama uwanja ambao nyaya zake zilikuwa zimefukiwa nusu, na watu ambao bila yeye wasingejua taa ipi iende wapi. Akampigia mama yake, akalia, akasema, "Mama, nivumilie." Hivyo Dativa alipoteza njia ya kurudi nyumbani.

Jioni ya mwisho ya Bi Mwanamvua ikafika. Hamadi alikuwa amekwisha wasili, masanduku yamefungwa. Magharibi ikaswaliwa. Bi Siwema akamshika mkono shoga yake, akamtoa mlangoni, akamketisha.

Mnara ulikuwa umesimama gizani na hauna kazi. Taa zikawashwa.

Kwanza Bi Mwanamvua hakuona kitu. Aliyazoea maumivu ya ule weupe na sasa hayakuja, akadhani macho yamekwisha kabisa. Kisha akaona maua. Yalikuwa chini, kwenye vumbi, makubwa na ya rangi ya asali, yakienda baraza kwa baraza kuzunguka uwanja wote. Akaona ndara ikikanyaga ua moja. Akaona upindo wa kanga, akaona mguu, akainua macho polepole akaona kidevu, na juu ya kidevu uso, na uso ule ulikuwa wa jirani ambaye hakumwona tangu mnara uje.

"Umezeeka," alimwambia.

"Na wewe hujambo, bibi," jirani akajibu, na watu wakacheka.

Walitoka, jamani. Walitoka mmoja mmoja, wakijidai wanapita tu, kisha wakaketi. Mikeka ikatandikwa. Wawili waliokuwa na siri walipata pembe yao. Katikati ya uwanja paliachwa giza, na watoto walikuwa wanaingia humo wanapotea, wanatokea upande mwingine wakipiga kelele. Uvumi wa mazungumzo ukapanda, ule ambao ukiusikiliza huelewi hata neno moja na bado unaridhika. Bi Mwanamvua alijisikia kama mtu aliyerudishiwa mwili wake.

Kisha akageuka upande wa kushoto wa baraza, pale alipozoea kukaa Feruzi. Hapakuwa na taa. Dativa alipaacha makusudi, kwa kuwa Bi Siwema alimwambia. Giza la pale lilikuwa dogo, la upana wa mtu mmoja. Bi Mwanamvua alilitazama kwa muda mrefu na hakuona mtu, na hakutegemea kuona, lakini kwa mara ya kwanza tangu amzike alijua amtafute wapi.

Mzee mmoja aliyekuwa anapita, kwa mazoea tu, mazoea ya miaka yote ile, akaita: "Kwa Feruzi, kahawa ipo?" Alipokumbuka, alishika mdomo wake.

Bi Mwanamvua alikuwa analia, na hakujifuta.

"Ipo," alisema. "Njoo. Kahawa ipo."

Sasa ikabaki ahadi. Akalivuta dele, akamimina kikombe cha kwanza, akakishika. Wale watatu wakaja wakasimama mbele yake. Mtaa mzima ulisogea.

"Semeni," bibi alisema. "Kila mtu na aseme analitakia nini."

Chande akasema, "Shikamoo, bibi. Bila mimi mnara ungekuwa unawaka, na maua haya yasingeonekana hata jioni moja. Lakini sidai kwa hilo. Mimi nimezaliwa hapa, na tangu mnara uje natembea katika mtaa wetu kama mtu aliyekopa. Nataka jioni moja nichelewe, mtu aseme, 'Chande yuko wapi?' na asiwe ananitafuta kunitukana."

Tausi akasema, "Shikamoo, bibi. Bila mimi taa hizi zingewachoma magoti. Lakini sidai kwa hilo. Baba yangu aliwamulikia miaka yote na hakuulizwa na mtu. Jina lake liko kwenye taa hizi, limekatikakatika, herufi moja huku, nyingine kule. Nataka kuwe na mahali ambapo mtu wa ukoo wake, asipoonekana, mtaa unagutuka."

Dativa akasema, "Shikamoo, bibi. Bila mimi maua haya yangekuwa juu ya paa au mtaroni, na mahali pa Mzee Feruzi pangewekwa taa. Lakini sidai kwa hilo. Wenzangu wana kwao. Mimi nimehamishwa mji hadi mji, na kila ninakohama hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini sionekani. Kwetu nilikuwa niende, sikwenda. Kama si hapa, sina pengine."

Watu waliguna. Hamadi, ambaye alitaka safari ya asubuhi ianze bila msukosuko, akasema, "Mama, wape wote watatu. Wapokezane."

"Thubutu!" Bi Siwema aliruka. "Wewe umeondoka hapa mdogo. Baraza la karibu na msikiti waliachiwa ndugu watatu, tena tumbo moja. Kila mmoja akadhani mwenzake atatoka na kahawa. Leo hii kuna kibanda cha vocha juu yake."

"Basi mpe mzaliwa wa hapa," alisema mmoja.

"Mzaliwa ana wa kumwulizia. Ana mama, ana shangazi," alisema mwingine. "Mpe mgeni asiye na mtu."

"Mgeni atahamishwa kesho kutwa, baraza libaki na mihogo! Mpe Tausi. Mtaa huu una deni na marehemu."

"Deni la mtaa lilipwe na mtaa. Kwa nini lilipwe na baraza la Feruzi?"

Kelele zikawa kelele, na katika kelele hizo Bi Mwanamvua alikuwa bado ameshika kikombe. Siku zote alidhani sehemu hii ndiyo itakuwa rahisi. Chini ya mnara, watu watatu hawa walikuwa sauti tu kwake, na sauti mtu anaweza kuzichagua. Sasa alimtazama Chande, akaona kipaji cha uso chenye alama ya kofia aliyovuliwa. Akamtazama Tausi, akaona vidole vilivyokatwakatwa na bati. Akamtazama Dativa, akaona macho ya mtu aliyezoea kuaga. Aliziona sura zote tatu vizuri kabisa, kwa mwanga waliompa wenyewe, na kila sura ilikuwa na hamu ile ile aliyokuwa nayo yeye ukumbini, nyuma ya mlango uliorudishwa. Na akimpa mmoja, itambidi awatazame wawili wanaobaki.

Akaunyoosha mkono wenye kikombe. Watatu wote walipiga hatua.

Hapo ndipo ninaposhuka mimi. Msinitolee macho, niliwaambia mapema. Kahawa ingali inatoa moshi, na kukicha bibi anaondoka.

Je, wewe ungempa nani kikombe kile, na ungewaambia nini wale wawili?